Kukarabati au Kubadilisha Paneli ya Fyuzi Iliyochoka kwenye Pikipiki ya Zamani: Mwongozo Kamili

Pikipiki inakwenda vizuri, mara taa zinakatika na injini inanyamaza kwa pamoja. Unaisukuma pembeni, unafungua kava, unachomoa fyuzi kuu na kuitazama kwenye mwanga. Uzi wake ni mzima. Unairudisha, unazungusha ufunguo, kila kitu kinawaka kama kawaida. Siku nne baadaye yanajirudia. Hapo ndipo wengi huanza kununua vifaa: betri, swichi ya ufunguo, koili inayotengeneza cheche za plagi. Mimi nilibadilisha rektifaya nzima, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, kwa sababu fundi alisema ndiyo mbovu, na pikipiki ikaendelea kuzima vilevile, hadi siku niliposhika fyuzi kuu mara tu baada ya safari ikaniunguza vidole. Fyuzi haikuwa na kosa. Zilizochoka ni klipu za paneli zinazoishika.

Kwa hiyo hapa tutaanza na kupima, kununua kutafuata. Paneli nyingine zinahitaji saa moja ya usafi tu, nyingine hazifai hata kusafishwa, na kuzitofautisha kunahitaji mita ya kawaida ya kupimia umeme na macho yako.

Paneli inachokaje

Pikipiki nyingi za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, ziwe Honda, Yamaha, Suzuki au Kawasaki, zilitumia fyuzi za kioo: kijibomba chenye kipenyo cha milimita 6 na kidogo, urefu wa milimita 30 au 32, na kofia ya chuma kila upande. Kila kofia inakaa ndani ya klipu ya shaba njano yenye masikio mawili yanayobana kama vidole. Nguvu ya kubana ndiyo kila kitu. Masikio yakilegea, eneo linalogusana linapungua, ukinzani unaongezeka, na umeme unaopita hapo unageuka joto. Joto linailainisha shaba, shaba laini inabana kidogo zaidi ya jana, na joto linazidi. Ugonjwa huu haujiponi. Ukishaanza unakwenda mbele tu.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua ampea 10 zinazopita kwenye mguso wenye ukinzani wa omu 0.1. Unapoteza volti 1 nzima, na wati 10 zinageuka joto kwenye kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Plastiki iliyo chini yake italainika, itainama, na klipu itakaa upande.

Volti hiyo moja unaidai kila mahali. Taa ya mbele inafifia, koili zinapata umeme pungufu, honi inakoroma. Tena kwenye mifumo mingi ya zamani umeme wa chaji unaorudi kwenye betri unapita kwenye fyuzi hiyohiyo kuu, kwa hiyo klipu mbovu inakukata mara mbili: betri haijai vizuri, na hicho kidogo kilichojaa kinapotea njiani. Mguso huo ukikatika kabisa injini ikiwa kwenye mizunguko mikubwa, mfumo wa chaji unapoteza betri inayoutuliza, volti zinapanda, na balbu zinaungua kadhaa kwa mpigo. Ukisikia mtu analalamika kwamba pikipiki yake inakula balbu, mwambie aangalie fyuzi kuu kabla ya kitu kingine chochote.

Isome fyuzi kabla hujaitupa

Fyuzi iliyokufa inaeleza kilichoiua. Isafishe kioo, ishike karibu na jicho, iangalie taratibu.

Kioo kikiwa kimetanda weusi au kina rangi ya fedha kwa ndani kama kioo cha kujitazamia, na uzi haupo kabisa, hiyo ni shoti. Umeme mwingi ulipita kwa ghafla na chuma kikageuka mvuke. Usiweke fyuzi nyingine kabla hujaipata shoti yenyewe. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati, ncha zake zimelegea na kuning'inia, mzigo ulizidi kidogo kwa muda mrefu: balbu kubwa kuliko ya kiwandani, au vifaa vya ziada vilivyoungwa kwenye waya uliokuwa karibu. Sasa ya tatu, ambayo hupita bila kuonekana. Kioo ni safi, uzi ni mzima kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, lakini umeachia pale unapoingia kwenye kofia. Risasi iliyoulehemu uzi kwenye kofia imeyeyuka. Joto halikutoka ndani ya fyuzi, lilitoka nje, kwenye klipu. Wakati mwingine ncha inagusa na kuachia kwa mtikisiko, ndiyo maana fyuzi "nzima" inazima pikipiki kwenye kila shimo. Ukiikuta hii ya tatu, tayari unajua paneli ni mgonjwa.

Kupima

Macho kwanza. Fungua kava, vuta kila fyuzi kwa vidole. Inapaswa kukukatalia kidogo. Ikitoka kama inatoka kwenye siagi, klipu imekufa. Angalia rangi ya shaba: njano hafifu ni kawaida, kahawia iliyoiva au zambarau ni alama ya joto, kijani ni kutu ya unyevu. Geuza paneli uone mgongo wake. Paneli nyingi zina ribiti, yaani pini iliyopondwa ncha, inayoshikanisha klipu ya juu na ulimi wa waya wa chini, na kutu hujificha chini ya hiyo ribiti, mahali ambapo msasa haufiki. Itikise klipu kwa ncha ya bisibisi: ikicheza kwenye ribiti yake, hiyo paneli haina maisha.

Halafu mita. Watu hupima fyuzi kwa ukinzani, wanaona sufuri, wanaridhika. Kipimo hicho hakikusaidii hapa, kwa sababu mita inapitisha umeme mdogo mno kuonyesha udhaifu wa mguso. Pima upotevu wa volti huku mzigo ukiwa umewashwa.

Weka mita kwenye volti za betri (DC), kipimo kidogo kabisa, mara nyingi volti 2. Washa ufunguo, washa taa ya mbele kwa mwanga mkubwa, bana breki ili taa ya nyuma iwake. Gusa ncha moja ya mita kwenye waya unaoingia kwenye paneli, ncha ya pili kwenye waya unaotoka kwa fyuzi hiyohiyo. Namba unayoiona ndiyo inayoliwa hapo katikati. Ikiwa chini ya volti 0.1 hivi, sina wasiwasi, maana sehemu yake inatokana na fyuzi yenyewe. Kati ya 0.1 na 0.3, safisha kisha pima tena. Ikizidi 0.3, au fyuzi ikiwa moto kwa kugusa baada ya dakika mbili, jiandae kubadilisha. Fanya haraka, kwa sababu taa zinakula betri wakati injini imezimwa, na betri iliyoshuka itakupa namba za kudanganya. Anza na betri iliyopumzika na kusoma volti 12.6 au karibu na hapo.

Ukipata namba kubwa, igawe. Ncha moja kwenye kofia ya fyuzi, nyingine kwenye klipu: huo ni mguso wa klipu. Kisha klipu na ulimi wa waya kwa mgongoni: hiyo ni ribiti. Kisha ulimi na shaba ya waya wenyewe: hiyo ni terminali, kichwa cha chuma kilichobanwa mwishoni mwa waya. Kwa vipimo vitatu unajua kwa uhakika kilichooza, na mara nyingine utagundua paneli haina hatia, ni terminali moja tu iliyolegea.

Kusafisha, kama bado kuna cha kuokoa

Inafaa kusafisha pale klipu ni chafu lakini bado zinabana, plastiki haijainama, na ribiti hazichezi.

Fungua kwanza waya wa betri unaofungwa kwenye fremu. Kwenye pikipiki za Kijapani ni ule wa hasi. Lakini Triumph na BSA nyingi za zamani za Uingereza zilifunga chanya kwenye fremu, na fyuzi ikakaa upande wa hasi. Kwa hiyo usifuate rangi wala alama, fuata waya ulioshikana na fremu. Ukifungua huo kwanza, spana ikigusa fremu kwa bahati mbaya hakuna cheche.

Toa fyuzi zote. Kata kipande chembamba cha msasa laini, namba 600 au zaidi, kizungushe kwenye kijiti chenye unene wa fyuzi, kisugue ndani ya klipu kwa kuzungusha hadi uone shaba inayong'aa. Usitumie msasa mkali. Michirizi inakaribisha kutu, na shaba ya klipu ni nyembamba. Kutu ya kijani iliyoshikana inalainika kwa siki yenye chumvi kidogo: paka kwa mswaki, subiri dakika chache, kisha suuza kwa maji yenye magadi na baadaye maji safi. Usiruke hatua ya magadi, kwa sababu asidi iliyobaki itakuletea kutu mpya ndani ya mwezi. Kausha kabisa, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme kama unayo.

Sasa rudisha nguvu ya kubana. Kwa plaizi ndogo yenye mdomo mwembamba, sogeza kila sikio ndani kidogo, nusu milimita tu, ukiishika klipu kwa chini ili usiilegeze ribiti. Usikunje mara mbilimbili. Shaba iliyokwisha pikwa na joto inakatika bila taarifa, hasa kwenye kona ya chini. Ikikatika, usihuzunike sana, ingekatika barabarani.

Safisha pia kofia za fyuzi, au weka fyuzi mpya. Paka grisi ya viunganishi vya umeme, au mafuta ya mgando kama Vaseline, utando mwembamba kabisa, kisha ingiza fyuzi. Kazi ya mafuta ni kuzuia hewa na maji. Hayaongezi mguso, na hayaponyi klipu iliyolegea. Pima tena upotevu wa volti. Ukirudi chini ya 0.1, umemaliza, na mengine yote hapa chini huyahitaji.

Kuchagua paneli mpya

Njia mbili. Ukitaka pikipiki ibaki kama ilivyotoka kiwandani, tafuta paneli ya aina yake au klipu mpya za fyuzi za kioo, zile za bronzi ya fosforasi ambazo hushika nguvu ya kubana vizuri kuliko shaba njano ya kawaida. Njia ya pili, ambayo mimi huchagua kwa pikipiki inayofanya kazi kila siku, ni kuhamia fyuzi za bapa. Ulimi wa bapa unabanwa pande mbili kwenye eneo pana, haulegei kwa mtikisiko kama kijibomba cha mviringo, na hakuna kioo cha kupasuka. Tena rangi inakwambia ukubwa hata gizani kwa tochi: 5 ni kahawia hafifu, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe inayopitisha mwanga, 30 kijani.

Hapa kuna mtego ambao nimeukuta kwenye pikipiki za watu makini kabisa, nami nakuomba uusome mara mbili.

Paneli za bapa zinazouzwa ni za aina mbili. Moja ina mlango mmoja wa kuingilia: waya mnene mmoja unafika kwenye bamba la shaba lililo ndani, na bamba hilo linalisha fyuzi zote. Nyingine kila fyuzi ina mlango wake na njia yake ya kutokea. Zikiwa mezani zinafanana. Kwenye pikipiki nyingi za zamani fyuzi kuu iko kati ya betri na swichi ya ufunguo, na fyuzi ndogo za taa, indiketa na ignisheni ziko baada ya swichi. Ndani ya paneli moja kuna pande mbili zisizopaswa kugusana isipokuwa kupitia ufunguo. Ukiweka paneli yenye bamba la pamoja na kuunga nyaya zote, umeiruka swichi. Taa na koili zitakuwa na umeme muda wote. Ufunguo hautazima injini, na koili iliyoachwa na umeme usiku kucha huku platini, zile ncha zinazofungua na kufunga umeme wa koili, zimefungana inaungua. Nunua aina ya kila fyuzi na mlango wake. Kama unayo tayari ile ya bamba, itumie kwa fyuzi ndogo tu zilizo baada ya swichi, na fyuzi kuu iwe na kishikio chake peke yake karibu na betri.

Ukubwa wa fyuzi unafuata namba za kiwandani. Hakuna bapa ya ampea 7. Pale Honda walipoandika 7, weka 7.5. Fyuzi za kioo za Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme, kwenye pikipiki za Kiingereza zinahitaji uangalifu zaidi. Ukikuta imeandikwa 35, hiyo ni namba ya kukatika. Uwezo wake wa kudumu ni ampea 17.5. Bapa inayofaa hapo ni 15 au 20. Ukiweka 30 kwa kuifuata namba ya zamani, waya utaungua kabla ya fyuzi.

Fyuzi inalinda waya, haikilindi kifaa. Kwa uzoefu wa kazi hii, waya wa milimita 0.85 za mraba nauwekea fyuzi isiyozidi 10, wa 1.25 isiyozidi 15, na wa 2 isiyozidi 20. Ukiongeza kifaa, gawa wati kwa volti 12: taa ya mbele ya wati 60 ni ampea 5, indiketa mbili za wati 21 ni 3.5, taa ya breki ya wati 21 ni 1.75. Jumla ya vinavyowaka kwa pamoja kwenye njia moja isizidi robo tatu ya namba ya fyuzi. Ikizidi, ongeza njia mpya yenye fyuzi yake, usikuze fyuzi.

Mahali pa kuiweka: panapofikika bila kung'oa tangi, mbali na silinda, wala si chini ya betri au njia ya mvuke wake wa asidi. Milango ya nyaya itazame chini ili maji yadondoke.

Vifaa

Mita, koleo la kubania terminali la aina inayokunja mbawa, terminali za ulimi za milimita 6.3 zenye mbawa nne, vijibomba vya mpira vinavyonywea kwa joto, waya wa ziada wa unene uleule, karatasi ya kunata na kalamu, balbu ya breki ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili, na fyuzi za ziada. Balbu hiyo inaonekana kama nyongeza, lakini ndiyo itakayokuokolea wayaringi.

Kazi yenyewe

1. Fungua waya wa betri ulio kwenye fremu. Piga picha ya paneli ya zamani mbele na nyuma, kisha piga nyingine, maana ya kwanza huwa na kivuli.

2. Kabla hujachomoa waya wowote, uwekee karatasi: namba ya fyuzi, "kuingia" au "kutoka". Rangi zitakusaidia. Kwenye Honda, nyekundu ni ya betri na nyeusi ni ya baada ya swichi. Yamaha ni nyekundu na kahawia. Suzuki ni nyekundu na chungwa. Kawasaki nyingi ni nyeupe ya betri na kahawia ya baada ya swichi. Lakini pikipiki yenye miaka 40 imepitia mikono mingi. Thibitisha kwa mita: rudisha betri kwa muda, ufunguo ukiwa umezimwa. Mlango wenye volti 12 sasa ni upande wa betri. Ile inayopata volti baada ya kuwasha ufunguo ni ya upande wa pili. Ukishaandika, fungua betri tena.

3. Chomoa nyaya. Kata kila terminali ya zamani na uchune milimita 5 za waya. Itazame shaba. Ikiwa nyekundu inayong'aa, vizuri. Ikiwa nyeusi, kutu imepanda ndani ya gamba la waya, na terminali mpya juu yake itakuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Endelea kukata sentimita moja moja mpaka ufikie shaba safi. Waya ukiwa mfupi, urefushe kwa waya wa unene uleule, na ikiwezekana rangi ileile. Atakayekuja baada yako atashukuru.

4. Vaa kijibomba cha mpira kwenye waya sasa hivi, kabla ya terminali. Kisha weka waya kwenye terminali: mbawa mbili za mbele zikunjike ndani ya shaba, mbili za nyuma zikumbatie gamba. Ukiitazama kwa upande, uone shaba ikichungulia kidogo mbele ya mbawa za kwanza, na gamba likiishia katikati ya jozi mbili za mbawa. Gamba likiingia chini ya mbawa za mbele, umebana plastiki na si shaba. Vuta kwa nguvu ya mkono. Ikitoka, ilikuwa itoke.

Kuhusu kulehemu: watu hulehemu juu ya kubana wakidhani wanaongeza uimara. Risasi inapanda ndani ya nyuzi za waya na kuufanya ugumu kama kijiti, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko wa injini unapoukata. Terminali iliyobanwa vizuri haihitaji risasi. Kama huna koleo sahihi na lazima ulehemu, basi ushikize waya kwa kibano sentimita mbili tatu kutoka hapo ili usicheze.

5. Funga paneli mahali pake kwa skrubu na vishikio vya mpira, usiiache ikining'inia kwa nyaya zake. Unganisha upande wa betri, kisha upande wa baada ya swichi, ukifuata karatasi zako. Usiweke fyuzi hata moja bado.

6. Chukua balbu ya wati 21. Waya wake mmoja uunge kwenye nguzo ya betri inayokwenda kwenye fremu, mwingine kwenye waya wa fremu ulioufungua. Sasa kila umeme unaotoka betri lazima upite kwenye balbu, na hata kukiwa na shoti kubwa hautazidi ampea 2 hivi. Weka fyuzi kuu, ufunguo ukiwa umezimwa. Balbu isiwake. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti kati ya fyuzi kuu na swichi, au umechanganya pande. Simama hapo, tafuta.

7. Ikiwa giza, washa ufunguo na uingize fyuzi ndogo moja baada ya nyingine. Balbu itawaka kwa kiasi fulani, kwa sababu taa na koili zinavuta umeme; hilo ni sawa. Fyuzi inayoifanya iwake kwa mwanga wake wote huku vifaa vya njia hiyo vimezimwa ndiyo yenye kasoro. Usikae sana, zima ufunguo.

8. Toa balbu, funga waya wa betri, washa kila kitu kimoja kimoja: taa, indiketa, honi, breki, kisha injini.

Shoti ikijitokeza

Toa fyuzi ya njia yenye shoti, weka balbu yako ya wati 21 mahali pa fyuzi, waya mmoja kila klipu. Chomoa balbu au vifaa vya njia hiyo. Ikiwa balbu yako bado inawaka, waya unagusa fremu mahali fulani. Iache ikiwaka, na utembeze mkono kwenye wayaringi, ukisukuma na kuvuta taratibu. Balbu ikizima au kupepesa, mkono wako uko mahali penyewe. Njia hii haichomi fyuzi hata moja. Anzia pale wayaringi inapopinda kwenye usukani, kisha ndani ya bakuli la taa ya mbele, chini ya tangi, chini ya kiti panapobanwa na fremu, na waya wa taa ya nyuma chini ya madigadi, ambako tairi na tope huula pole pole.

Baada ya kufunga

Rudia vipimo vya upotevu wa volti kwa kila njia. Paneli mpya yenye namba kubwa ina terminali mbovu, si paneli mbovu. Halafu pima betri injini ikizunguka katikati, taa zikiwa zimewashwa: kwenye mfumo wa volti 12 unaofanya kazi vizuri utaona kati ya 13.8 na 14.5. Ilikuwa 13 wiki iliyopita na sasa ni 14? Basi hukuwa na rektifaya mbovu. Endesha dakika 20, simama, gusa kila fyuzi. Vuguvugu sawa. Ya moto, rudi kwenye terminali zake.

Ikikutokea barabarani kabla hujafanya kazi hii, klipu imelegea na giza linaingia: zima ufunguo, sogeza masikio ya klipu kwa plaizi, weka fyuzi, kisha zungushia klipu na fyuzi kamba ya plastiki ya kubania na uikaze. Itakufikisha nyumbani. Kama huna fyuzi ya namba sahihi, weka ndogo na uzime usichokihitaji. Karatasi ya fedha ya sigara, msumari, kipande cha waya: usiweke kamwe. Nimeona wayaringi iliyoungua kutoka kiti hadi usukani kwa kipande kimoja cha karatasi hiyo, na tangi lilikuwa juu yake.

Ndani ya kava la paneli andika kwa kalamu isiyofutika namba ya kila fyuzi na inacholisha, na gundisha fyuzi mbili za ziada za kila namba hapohapo. Baada ya kilomita 500 fungua tena, vuta kila terminali kwa vidole, kwa sababu waya mpya hutulia na mtikisiko, na terminali ambayo haikubanwa sawasawa itajitokeza ndani ya hizo kilomita za mwanzo.